Sigara Inayotoka Haina Mwenyewe

Kila mwaka bajeti inapokaribia, namba za magendo ya sigara huanza kuzunguka. Mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husoma bajeti zao Juni, kwa kawaida siku moja, na wiki chache kabla ya hapo hakosekani mtu wa kutukumbusha kwamba soko limejaa sigara zisizolipiwa kodi, na kwamba ushuru ukipanda tena hali itakuwa mbaya zaidi. Sauti hiyo iko juu zaidi Kenya, ambako BAT Kenya, kampuni kubwa ya sigara, kwenye taarifa zake za miaka ya karibuni, imekuwa ikitaja hisa ya magendo inayozidi robo ya soko zima. Wanaharakati wa afya hujibu kwamba namba hiyo imekuzwa. Shirika la Afya Duniani nalo lina makadirio yake ya dunia nzima: sigara moja kati ya kumi. Msomaji aliyekaa Mwanza anabaki na maswali mawili. Nani anasema kweli? Na hapa kwetu ni ngapi?

Naanza na la pili, kwa sababu la kwanza halijibiki kabla yake. Na niseme mapema ninakoelekea ili asiyekubali ajiandae. Waongo kwenye mjadala huu wapo, tena pande zote, lakini hata wakiondoka wote kesho asubuhi hesabu bado itakuwa mbovu. Inaharibika kwa sababu kila nchi inatazama sigara zinazoingia kwake na kufumbia macho zinazotoka. Inayoingia inakula mapato ya serikali. Inayotoka imeshalipa, imeshauzwa, imemnufaisha kila aliyeigusa. Kwenye ziwa lenye nchi tatu, inayotoka huku ndiyo hiyo hiyo inayoingia kule, na mwenye kuihesabu upande mmoja anapata nusu ya habari akidhani amepata yote.

Bila tofauti ya kodi hakuna ambaye angejisumbua kuficha katoni chini ya magunia ya dagaa. Tangu mwishoni mwa 2024, Kenya inatoza ushuru wa bidhaa wa shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, ziwe na kichungi au zisiwe nacho. Uganda, kwa miaka kadhaa hadi katikati ya 2025, sigara za ndani za pakiti laini zilitozwa shilingi 55,000 za Uganda kwa idadi hiyo hiyo, ambazo ni kama 2,000 za Kenya. Sisi Tanzania tuna ngazi zetu: isiyo na kichungi ina kiwango chake, yenye kichungi ina chake, na iliyotengenezwa kwa tumbaku ya nyumbani kwa zaidi ya asilimia 75 inalipa kidogo kuliko wenzake. Ndiyo maana pakiti ya kawaida ya dukani Mwanza, yenye tumbaku ya Tabora au Chunya ndani yake, inabeba ushuru mdogo kwa mbali ukiilinganisha na pakiti ya Kisumu.

Weka tofauti hiyo kwenye katoni. Katoni kubwa ya jumla ina sigara 10,000, yaani pakiti 500. Kwa Kenya katoni hiyo inadaiwa ushuru wa shilingi 41,000, ambazo kwa fedha yetu ni kama laki nane. Kwa kiwango cha Uganda nilichokitaja, ingedaiwa karibu nusu yake. Na katoni yenyewe mtu mzima anaibeba begani bila kutoa jasho.

Sasa tazama ramani. Ziwa Victoria karibu nusu yake ni Tanzania, Uganda ina zaidi ya asilimia 40, na Kenya imeambulia asilimia 6. Nchi yenye kipande kidogo kuliko zote ndiyo yenye ushuru mkubwa kuliko zote. Kutoka Shirati, upande wetu, hadi Muhuru Bay ya Kenya kwa boti ya injini ni safari fupi, na kwa barabara Sirari ya kwetu na Isebania ya kwao ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari wa mpaka, Wakuria wakiwa huku na kule, wakioana na kuzikana. Mteremko wa kodi unaelekea Kenya. Anayetaka kufanya magendo ya sigara kwenye kona hii ya ziwa, akiwa na akili ya biashara hata kidogo, atazipeleka huko, hatazitoa huko.

Kwa hiyo tuchukue sigara moja iliyolipiwa kila kitu Tanzania, ina stempu ya TRA, mamlaka yetu ya mapato, ikanunuliwa kwa mwenye duka la jumla Musoma, ikavushwa usiku, ikavutwa Migori. Kiwanda kimeuza. TRA imepata ushuru wake. Mwenye duka amepata faida, mwenye boti amepata nauli na kifuta jasho cha kuogopa doria. Aliyepoteza ni Hazina ya Nairobi peke yake. Kwenye vitabu vya Dodoma sigara hiyo ni mauzo halali ya ndani, haina tofauti yoyote na iliyovutwa Igogo au Mabatini. Nani serikalini ataamka asubuhi kwenda kuitafuta? Na sisemi hivi kwa kuilaumu TRA. Kampala wako vilevile, na Nairobi nao wangekuwa hivyo kama ushuru wao ungekuwa wa chini.

Huyo ndiye mgeni wa aina ya kwanza: sigara iliyolipiwa kodi kwa jirani. Aina ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni ile ambayo haikulipiwa popote. Sigara inayosafirishwa kwenda nje haitozwi ushuru wa bidhaa na nchi inakotoka. Inatakiwa kulipiwa inakofika. Mizigo ya kwenda Congo, Burundi, Rwanda na Uganda inapita kwenye ushoroba wetu wa kati, mingine kwa malori hadi Rusumo, Kabanga na Mutukula, mingine kwa reli hadi bandari ya Mwanza Kusini na kuvuka kwa meli kwenda Port Bell, Uganda. Mzigo ulioandikwa kwamba unakwenda nje ukishushwa njiani, au ukivuka mpaka kwa makaratasi na kurudi kwa njia za panya, faida yake haiishii kwenye tofauti ya viwango viwili. Ni kodi nzima. Hapo hata nchi yenye ushuru mdogo inaingizwa sigara za magendo, kwa sababu hakuna ushuru mdogo kuliko sifuri.

Ya tatu ni sigara bandia, zenye jina la kampuni ambayo haikuzitengeneza. Zipo, Tume ya Ushindani huzikamata na kuziteketeza, lakini kwa pwani hii ya ziwa sioni sababu ya kuziweka mbele. Anayeghushi hufuata jina lenye bei kubwa, na mvuvi wa kisiwa cha Goziba havuti sigara za bei kubwa.

Aina hizi tatu zikichanganywa kwenye asilimia moja, asilimia hiyo haimsaidii mtu. Sigara iliyolipiwa Tanzania na kuvutwa Kenya ni hasara ya nchi moja na faida ya nyingine. Sigara iliyopotea kwenye safari ya Congo ni hasara ya wote. Dawa ya aina ya kwanza ni kukaribiana kwa viwango vya ushuru. Dawa ya aina ya pili ni kufuli, ufuatiliaji wa malori na kulinganisha makaratasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005, lakini ushuru wa bidhaa kila nchi inajipangia, kwa hiyo dawa ya kwanza haijawahi hata kufunguliwa kizibo.

Namba zenyewe zinapatikanaje? Ya haraka kuliko zote ni ya ukamataji: katoni kadhaa zimenaswa, picha zimepigwa, mkuu wa mkoa amesimama mbele yake. Namba hii inapima doria. Ukiongeza boti mbili za doria, sigara zinazokamatwa zitaongezeka hata kama magendo yamepungua. Boti zikikosa mafuta, magendo yatakwisha kabisa kwenye ripoti. Tuiache hapo.

Njia inayoheshimika zaidi ni ya kutoa. Unachukua sigara zilizovutwa kwa mujibu wa utafiti wa kaya, unatoa sigara zilizolipiwa ushuru, kinachobaki ni magendo. Uingereza hutumia hesabu ya namna hii kila mwaka kukadiria pengo lao la kodi ya tumbaku. Inaonekana safi. Lakini ijaribu kwa namba za kubuni uone inavyoteleza.

Tuseme nchi ina wavutaji milioni 2, na kila mmoja amewaambia watafiti kwamba anavuta sigara 7 kwa siku. Kwa mwaka hizo ni sigara bilioni 5.11. Mamlaka ya mapato inasema zilizolipiwa ni bilioni 5 kamili. Pengo ni milioni 110, yaani asilimia 2 hivi ya zilizovutwa. Waziri anapumua. Lakini kila mvutaji hupunguza anapoulizwa na mgeni mwenye fomu, hasa mke wake akiwa amesimama mlangoni. Tuseme amepunguza sigara moja tu. Ukweli ni 8. Sasa zilizovutwa ni bilioni 5.84, pengo ni milioni 840, na magendo yamekuwa zaidi ya asilimia 14. Sigara moja ya aibu imegeuza nchi safi kuwa nchi ya magendo, na hakuna katoni hata moja iliyovuka mpaka kati ya hesabu ya kwanza na ya pili.

Halafu geuza upande mwingine. Tuseme ukweli ni sigara 6 na nusu. Zilizovutwa zinakuwa bilioni 4.745, pungufu ya zilizolipiwa. Pengo limekuwa hasi. Wachambuzi wengi wakifika hapo husema data ni mbaya, wakaifunga faili. Mimi naona hapo ndipo ingeanza kusomwa kwa makini, maana kwa nchi yenye ushuru mdogo inayopakana na yenye ushuru mkubwa, pengo hasi lina maelezo mepesi: sigara zimelipiwa hapa, zimevutwa kule. Njia ya kutoa haipimi magendo yanayoingia. Inapima yanayoingia baada ya kuondoa yanayotoka. Nchi ikiingiza sigara za magendo milioni 300 kutoka kwenye mizigo ya Congo iliyopotea njia, na ikatoa milioni 300 kwenda kwa jirani, hesabu itasoma sifuri, na nchi yenye njia za panya za kuingia na za kutoka itapewa cheti cha usafi.

Tatizo la mwaka nalo si dogo. Utafiti wa kimataifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulifanyika Uganda 2013, Kenya 2014 na Tanzania 2018. Uganda ulikuta asilimia 7.9 ya watu wazima wanatumia tumbaku, Kenya 11.6, Tanzania 8.7. Ni kazi nzuri, iliyosimamiwa na ofisi za takwimu za nchi husika. Ila huwezi kuchukua Uganda ya 2013 na Tanzania ya 2018 ukazipanga kwenye mstari mmoja kutafuta sigara zilizohama katikati yao. Tena tumbaku hapo ni pamoja na ugoro na ya kutafuna, ambavyo havina stempu wala pakiti.

Kuna njia ya vioo: unatazama mauzo ya nje yaliyoandikwa na nchi moja na manunuzi ya nje yaliyoandikwa na jirani yake, kwenye msimbo wa forodha 2402, uone kama yanalingana. Njia hii imewahi kufanya kazi kubwa. Miaka ya tisini watafiti walijumlisha mauzo ya nje ya sigara ya dunia nzima na manunuzi ya dunia nzima wakakuta karibu theluthi moja ya sigara zilizouzwa nje hazikuwahi kufika popote. Uingereza ilikuwa inapeleka Andorra, nchi ndogo ya milimani kati ya Ufaransa na Hispania, sigara ambazo wakazi wake wasingezimaliza hata kama watoto wachanga wangevuta. Zilikuwa zinazunguka na kurudi Uingereza bila kodi. Kwetu kila anayetazama mauzo ya kwenda Congo anapaswa kuuliza swali la Andorra: watu hao wanavuta kiasi gani hasa? Lakini kioo hiki kinaonyesha sigara zilizoandikwa angalau upande mmoja. Katoni ya Shirati haikuandikwa kokote. Ni mauzo ya ndani hadi inapozama gizani.

Inabaki kutazama pakiti zenyewe. Huko Ulaya na kwingineko watu wameokota pakiti tupu barabarani, wakahesabu zenye alama za nje. Makampuni ya sigara yanaipenda sana njia hii. Mwanza haitafanya kazi, na sababu yake unaikuta Mwaloni Kirumba, kwenye mwalo wa samaki, alfajiri, boti zikishusha dagaa. Muuza sigara utamsikia kabla hujamwona, sarafu zikigongana kiganjani mwake. Ana kiboksi kifuani chenye pipi, bigijii, karanga za kukaanga na pakiti tatu nne za sigara zilizokwishafunguliwa. Hauzi pakiti. Mvuvi aliyekesha na baridi ya ziwa ananunua moja, anawashiwa palepale, anaondoka. Akipata fedha za dagaa atarudi kuchukua mbili. Sheria ya Uganda ya 2015 imekataza kuuza sigara moja moja, na ya Kenya ya 2007 haitaki pakiti yenye pungufu ya sigara kumi, lakini mialo ina sheria zake.

Maana yake ni kwamba mvutaji hana pakiti ya kutupa. Pakiti haitoki kwenye kiboksi mpaka iishe, na ikiisha imo mikononi mwa muuzaji. Anayeokota pakiti barabarani anaokota za wanaonunua pakiti nzima: wenye mishahara, madereva, wageni wa hoteli za Capri Point. Wavutaji wa mwaloni, ambao ndio walioko karibu na magendo kuliko mtu yeyote, hawamo kabisa kwenye sampuli yake.

Nilimuuliza kijana mmoja pale, pakiti zikiisha anazipeleka wapi. "Zikiisha, mzee? Mama anawashia jiko."

Basi hapo ndipo pa kuweka kikapu. Badala ya kumhoji mvutaji, mwombe muuzaji asitupe wala asichome pakiti kwa siku moja au mbili, kisha zikusanye zote. Kila sigara aliyouza itakuwa imehesabiwa, bila aibu na bila kusahau. Ghana watafiti wamewahi kukusanya pakiti tupu kwa wauzaji wa sigara moja moja, na soko lao la reja reja linafanana na letu kuliko la London. Kuna mitego yake, na ni vizuri kuijua. Ukitangaza kwamba unanunua pakiti tupu kwa bei nzuri, kesho kutwa utaletewa gunia zima kutoka dampo la Buhongwa. Shukrani iwe ndogo, kiberiti cha gesi kinatosha. Ni rahisi pia kwa muuzaji kuhamishia sigara za kigeni kwenye pakiti inayojulikana, kwa hiyo usitazame pakiti peke yake. Tazama jina lililochapwa kwenye sigara yenyewe, juu ya kichungi, uone kama vinakubaliana. Na usiende na askari. Ukienda na askari hutaona hata pipi.

Kisha unasoma stempu. Hapa kanda yetu imebarikiwa kuliko nyingi, na sielewi kwa nini baraka hiyo haitumiki. Kenya ilianza stempu zake za kufuatilia bidhaa 2013, Tanzania ikaleta stempu za kielektroniki kwa sigara na pombe Januari 2019, Uganda ikafuata na za kidijitali mwaka huo huo. Zote tatu zililetwa na kampuni moja ya Uswisi, SICPA. Kila nchi ina programu yake ya simu: sisi Hakiki Stempu, Kenya Soma Label, Uganda Kakasa. Nimeziweka zote tatu kwenye simu moja, na kila moja inajua stempu za kwao tu. Ofisa wa Sirari akishika pakiti ya Kenya, na mwenzake wa Isebania akishika ya Tanzania, kila mmoja anachoweza kusema ni kwamba hii si yetu. Nani aliilipia, lini, na iliandikwa kwenda wapi, ni habari iliyoko kwenye kompyuta ya jirani. Kwenye pakiti iliyofunguliwa stempu mara nyingi imechanika nusu, na simu inaweza kugoma. Hilo ni tatizo la ufundi na lina ufumbuzi. Kutosomeana stempu ni uamuzi.

Afrika Kusini wana njia ya mkato. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitazama bei: pakiti ikiuzwa chini ya kodi inayopaswa kuwa ndani yake, mwuzaji au anajifilisi au kodi haikulipwa. Kwa Kenya hesabu hiyo ni rahisi. Ushuru wa pakiti ya 20 ni shilingi 82, ukiweka VAT ya asilimia 16 juu yake unafika 95 kabla ya tumbaku, karatasi wala faida ya mtu yeyote. Pakiti inayouzwa Karungu kwa shilingi 80 imejitaja yenyewe. Kwa upande wetu njia hii inazimika haraka, kwa sababu sigara moja moja huuzwa kwa bei ya sarafu, na bei ya sarafu hairuki kwa shilingi kumi kumi. Aliyeuziwa kwa bei nafuu kule jumla huchukua tofauti yake kimya kimya, na mvuvi analipa ile ile.

Funzo jingine la Afrika Kusini lina uzito zaidi kwa mjadala wa Juni. Soko lao la sigara za magendo lilivimba sana kuanzia 2014 hivi, kipindi ambacho ushuru, ukiondoa mfumuko wa bei, ulikuwa haujapanda kwa maana yoyote. Kilichobadilika ni kwamba mamlaka yao ya mapato ilivurugwa na vitengo vyake vya uchunguzi vikavunjwa. Anayesimama kusema ushuru ukipanda magendo hupanda anapaswa kueleza hilo. Na anayesema ushuru hauna uhusiano wowote na magendo namkaribisha Shirati.

Hapo naingia kwenye suala la nani analipia kuhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipitia tathmini za magendo zilizofadhiliwa na makampuni ya sigara wakakuta kwamba mara nyingi hukuza tatizo na hazielezi vya kutosha namna zilivyofanyika. Sishangai. Ukitaka namba kubwa huhitaji kudanganya. Weka vituo vyako vya kukusanya pakiti Sirari, Isebania, Mutukula na Busia, ukapate pakiti moja kati ya tano ni ya kigeni, kisha uandike "Tanzania" au "Kenya" kwenye jalada la ripoti. Kila pakiti uliyoihesabu ni ya kweli. Kituo cha Dodoma au Iringa kingekutia hasara. Ukitaka namba ndogo fanya kinyume chake. Kwa hiyo ripoti yoyote ya magendo naisoma kuanzia nyuma, kwenye orodha ya miji, na isipokuwepo orodha ya miji sina haja na asilimia ya ukurasa wa kwanza.

Kinachonikera ni kwamba ziwa hili limeshafanya jambo gumu zaidi. Tangu 2000, chini ya shirika la uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, nchi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa fomu moja, wakati mmoja, mwalo kwa mwalo, wanahesabu wavuvi, mitumbwi, injini, nyavu na ndoano. Walianza kufanya hivyo kwa sababu sangara hajui mpaka: ukimhesabu upande wa Tanzania peke yake utaambiwa wamekwisha, kumbe wamehamia Uganda, au kinyume chake. Wahesabuji wanatoka kwenye vikundi vya usimamizi wa mialo, watu wanaojua nani anauza nini na anashusha saa ngapi. Sigara na sangara kwa hili wanafanana, na wahesabuji wenyewe tayari wamesimama kwenye mwalo na kalamu mkononi.

Ongeza kwenye zoezi hilo mifuko ya pakiti tupu, siku mbili, kwa wauzaji waliochaguliwa kwa kura. Usiishie mialoni, maana utarudia dhambi ya kuhesabu mpakani. Weka na miji ya ndani, Shinyanga, Kericho, Masaka, ili uwiano upatikane. Zikusanye pakiti zote sehemu moja, wataalamu wa nchi tatu wakae chumba kimoja na programu zao tatu. Kinachotoka ni jedwali dogo la mistari mitatu na safu nne. Mistari ni nchi pakiti ilikovutwa. Safu tatu za kwanza ni nchi iliyotoa stempu, na ya nne ni ya zisizo na stempu yoyote au zilizoandikwa kwamba ni za kuuzwa nje. Safu hiyo ya nne ndiyo itakayosema mizigo ya Congo inaishia wapi. Mstari wa Kenya, safu ya Tanzania, ndio utakaosema tunapeleka kiasi gani, jambo ambalo hakuna ripoti ya Tanzania peke yake itakayolisema kwa njia yoyote niliyoieleza hapo juu.

Fedha zitoke kwenye ushuru wenyewe wa sigara, kwa mgawo wa nchi tatu, kampuni isichangie hata mifuko. Jedwali litolewe Machi, miji yote iorodheshwe, kabla mawaziri hawajakutana kwa mashauriano yao ya bajeti. Sitegemei kampuni za sigara ndizo zitakazopinga kwa nguvu zaidi. Zitasema zinaunga mkono, kisha zitaomba kushauriwa kuhusu miji ya kuchagua. Natazamia upinzani kutoka kwa ofisa wa hazina ambaye safu ya nchi yake itajaa kwenye mstari wa jirani. Kwa kuanzia, huyo ni wa kwetu Dodoma, au ni mwenzake wa Kampala.